Meli ya kichele imepotea kwenye ramani, au ipo lakini namba haziingii akilini: pa kuanzia kutafuta

Simu huwa zinaanza hivi. Mtu ana mbolea yake tani elfu tatu kwenye meli waliyochangia na wenzake, kafungua ramani kwenye simu usiku, kaona meli imepanda nchi kavu, au haipo kabisa, au inaelekea Mombasa wakati mzigo ni wa Dar, basi usingizi umekata. "Kaka, meli yetu imezama?" Haijazama mzee, lala. Mara tisa kwenye kumi meli iko salama na nahodha anakunywa chai yake, shida ni kwamba ile ramani watu wanaisoma kama kamera iliyofungwa angani juu ya meli, na haiko hivyo.

Kazi yangu ni kufuatilia meli za kichele (zinazobeba mzigo uliomwagwa ndani bila magunia) zinazoingia huku kwetu, ngano, mbolea, klinka (malighafi ya saruji), salfa ya wenye migodi ya Kongo, kwa hiyo haya ninayoandika ni yale yale ninayojibu kwenye simu kila siku, nimechoka kurudia.

Kwanza jiulize hiyo namba kaiandika nani

Ramani zote hizi, MarineTraffic, VesselFinder na wenzao, zinalishwa na AIS, kifaa cha melini kinachorusha taarifa kwa redio ya VHF. Meli yoyote ya safari za kimataifa kuanzia GT 300 (kipimo cha ukubwa, nakieleza chini) inatakiwa iwe nacho tangu mwisho wa 2004. Sasa ukifungua ukurasa wa meli unaona vitu ishirini vimepangwa pamoja vizuri ukadhani vyote vimetoka sehemu moja, kumbe kuna mikono mitatu tofauti pale.

Mkono wa kwanza ni mashine: mahali ilipo, spidi, pua imeelekea wapi. Hizo zinatoka kwenye GPS na dira ya meli na zinarushwa kila sekunde chache ikiwa inatembea, ikitia nanga ni kila dakika 3. Mkono wa pili ni wa ofisa wa zamu pale juu, yeye ndo anachapa kwa vidole vyake bandari anayokwenda, ETA (muda anaotarajia kufika), drafti (kina cha meli kilichozama majini), na kama meli inatembea au iko nanga au imefunga gati. Akisahau, imesahaulika. Mkono wa tatu ni wa tovuti yenyewe, DWT (uzito inaoweza kubeba), mwaka wa kuundwa, mmiliki, idadi ya hachi (vyumba vya mzigo na mifuniko yake), hivyo havirushwi na meli hata kidogo, wamevitoa kwenye kabati lao la kumbukumbu, na vingine ni makisio ya kompyuta yao. Ukishajua hilo nusu ya presha inashuka, maana kila tatizo hapa chini ni mkono mmoja kati ya hiyo mitatu umekosea au umenyamaza.

Meli naiona ila haifanani na yangu

Unatafuta kwa jina, hapo ndo unapotea. Majina ya meli yanarudiwa kama majina ya watu, na meli ikiuzwa inabatizwa upya. Ile MV Abdullah ya Bangladesh iliyotekwa na maharamia wa Kisomali Machi 2024 ikiwa imebeba makaa ya mawe kutoka Maputo kwenda Emirati, kabla ya hapo iliitwa Golden Hawk, aliyekuwa na jina la zamani kwenye karatasi zake asingeipata. Na ukitafuta Abdullah peke yake utaletewa vyombo vya kila aina mpaka vya uvuvi.

Tumia namba ya IMO, namba ya utambulisho ya meli yenyewe. Tarakimu saba, inazaliwa na meli na inakufa na meli, jina libadilike bendera ibadilike yenyewe iko pale pale. MMSI (namba ya redio ya meli, ile ya tarakimu tisa) inafuata bendera, tatu za mwanzo zinakuambia nchi, 674 na 677 ni Tanzania, 634 Kenya, 636 Liberia, 538 Visiwa vya Marshall, kwa hiyo meli ikihama bendera MMSI yake ya zamani inakuwa haina maana tena.

Kama unahisi namba ya IMO uliyopewa kwenye WhatsApp imekosewa, ina kipimo chake ndani. Zidisha tarakimu sita za mwanzo kwa 7, 6, 5, 4, 3, 2 kwa mpangilio huo, jumlisha, mwisho wa jumla lazima ufanane na tarakimu ya saba. Mfano 9074729: 63 + 0 + 35 + 16 + 21 + 4 inakuja 139, inaishia na 9, na tarakimu ya saba ni 9, sawa. Isipolingana, mtu kachapa vibaya, au kuna mtu anakuchezea, rudi kwa aliyekupa.

"Imeonekana mara ya mwisho siku 6 zilizopita"

Hili ndo linaua watu kwa presha kuliko yote. Antena za AIS za nchi kavu zinasikia maili kama 40 hivi, inategemea zimefungwa juu kiasi gani. Meli ikitoka Ghuba, ikapita Oman na kuingia bahari kuu, hakuna antena huko, ni maji na pomboo. Akaunti ya bure inakuonyesha sehemu ya mwisho iliposikika, ukitaka uione katikati ya bahari unalipia satelaiti. Kwa hiyo meli inayotoka Ruwais au Jubail, bandari za Ghuba, kuja Dar kunyamaza siku kadhaa ni kawaida kabisa, itaibuka yenyewe ikikaribia pwani yetu.

Unachofanya ni hesabu ya kichwa. Chukua spidi ya mwisho iliyoonekana, meli hizi zikiwa na mzigo zinatembea noti 11 mpaka 13 (noti ni maili ya bahari kwa saa), kwa noti 12 ni maili 288 kwa siku. Ikibaki maili 1,150 hiyo ni siku nne. Kama siku nne zimepita na nyingine mbili juu na bado kimya, hapo sasa ulizia. Unamuuliza nani? Wakala wa meli, sio wakala wako wa forodha, wakala wa meli, maana mabaharia wanatuma ripoti ya saa sita mchana kila siku, iko mahali walipo, spidi, mafuta yaliyobaki na ETA. Hiyo ripoti moja inashinda ramani kumi.

Kuna sababu ya pili ya kunyamaza: nahodha kazima AIS mwenyewe. Anaruhusiwa akiona kuwaka kwake kunahatarisha meli, na kwa njia zinazotuhusu hiyo siyo hadithi. Desemba 2023 Ruen ilitekwa na maharamia wa Kisomali ikiwa meli ya kichele vile vile, wanamaji wa India wakaja kuikomboa Machi 2024. Bahari ya Shamu ndo usiseme, Wahouthi wa Yemen walikuwa wanapiga meli, Rubymar ilizama na mbolea yake Machi 2024, Tutor ikafuata Juni na makaa ya mawe, Julai 2025 zikazama Magic Seas na Eternity C ndani ya wiki moja, zote nne za kichele. Kwa hiyo kama ngano yako inatoka Bahari Nyeusi na meli imezimika baada ya Suez usishangae. Na kama haikupita Suez kabisa, imezunguka Rasi ya Tumaini Jema, ongeza wiki kadhaa kwenye mahesabu yako na usimgombeze mtu.

Imepanda nchi kavu, au imeruka maili elfu kwa dakika tano

Cheki spidi kwanza. Ukiona 102.3 hiyo siyo spidi, ni namba inayomaanisha "sina taarifa". Hivyo hivyo uelekeo wa 511, drafti ya 0.0, ETA ya saa 24:60, zote ni lugha ya kifaa kusema sijui. Tovuti nyingine zinaficha, nyingine zinakuonyesha hivyo hivyo halafu mtu ananitumia picha ya skrini, "bro meli inakimbia kuliko gari".

Kama inarukaruka kati ya sehemu mbili, mara Ghuba mara China, kuna vyombo viwili vinatumia MMSI moja. Angalia njia iliyopita uone ipi ina mantiki.

Kama imekaa juu ya uwanja wa ndege au inachora duara zuri la bikari, hapo GPS yenyewe inadanganywa. Juni 2017 meli kama ishirini zilizokuwa karibu na Novorossiysk zilijiona ziko uwanja wa ndege wa Gelendzhik. Juni 2025 wakati Israel na Iran wanapigana, mamia ya meli kwenye Ghuba na mlango wa Hormuz zikawa zinaonekana hazipo zilipo. Salfa na urea nyingi tunazopokea zinatoka huko huko kwa hiyo nilikuwa napokea simu mpaka usiku. Hakuna cha kurekebisha upande wako, subiri itoke kwenye eneo lenye fujo.

ETA imepita na meli haijafika

ETA ni mkono wa pili, kachapa mtu. Huenda kaichapa siku anaondoka na hajaigusa tena, na AIS haina sehemu ya mwaka, mwezi na siku na saa tu, kwa hiyo ETA ya safari iliyopita inaweza kukaa pale ikionekana mpya. Tovuti nyingi zinaweka pembeni ETA waliyokokotoa wao, ikipishana sana na ya nahodha mimi naamini ile ya ripoti ya saa sita mchana, zote mbili za kwenye ramani naziacha.

Halafu kuna hili la saa, naomba ulishike. ETA ya AIS ni UTC (saa ya dunia, masaa matatu nyuma ya yetu). Mwaka wangu wa kwanza niliona 03:00 nikamwambia dereva mkuu wa malori "saa tatu", yeye akaelewa saa tatu asubuhi kama Mswahili yeyote, kumbe 03:00 ya UTC ni saa kumi na mbili asubuhi kwetu. Nilipata shikamoo chache sana wiki ile. Dawa yake ni rahisi mpaka inachekesha: toa tatu. UTC 06:00 toa 3 unapata saa 3 asubuhi. UTC 14:00 toa 3, saa 11 jioni. UTC 20:00 toa 3 ni 17, toa tena 12, saa 5 usiku. Ukipata sifuri ni saa 12. Inafanya kazi kwa saa za Afrika Mashariki tu, ndugu zetu wa Lubumbashi hesabu yao ni nyingine.

Na ETA ni ya kufika nje, pale rubani wa bandari anapopandia, siyo ya kufunga gati. Usiite malori kwa ETA.

Imefika, inatembea noti 0.8, haiingii

Inaelea. Meli nyingi badala ya kutia nanga zinazima injini zikasukumwa na maji mbali kidogo na pwani zikisubiri zamu, kwenye ramani inasoma inatembea, uelekeo unabadilika badilika, mtu anadhani imepotea njia. Ile iliyotia nanga nayo inachora nusu duara mara kadhaa kwa siku, ni maji kujaa na kupwa yanaigeuza. Na ukiona imeandikwa imefunga gati wakati ramani inaonyesha iko maili nane nje, ofisa hajabadilisha, amini ramani.

Sababu za kusubiri: foleni ya gati, karatasi, mvua (ngano na mbolea hazifunguliwi hachi mvua ikinyesha), au drafti, meli nzito inaweza kusubiri maji yajae vizuri ndo iingie. Kipindi cha bamvua na kipindi cha maji mafu siyo sawa, mzee yeyote wa Feri atakuambia. Hapa ramani imeisha kazi, tafuta orodha ya meli ya bandari.

Inaenda bandari nyingine

Soma vizuri sehemu ya mwisho wa safari. KEMBA ni Mombasa, TZDAR Dar, TZTGT Tanga. Ukiona KEMBA>TZDAR maana yake inatoka Mombasa kuja Dar, siyo kinyume. Meli ya tani elfu hamsini mara nyingi ina mizigo ya watu wa bandari mbili, inashusha ya kwanza hapa ya pili pale, muulize wakala mpangilio wa hachi utajua yako inashuka wapi. Kuna wakati hiyo sehemu haina bandari kabisa, kipindi cha mashambulizi ya Bahari ya Shamu meli ziliandika pale kwamba kuna walinzi wenye silaha ndani, au kwamba mabaharia wote ni Wachina, ili zisipigwe.

Tani za mtandaoni hazilingani na mzigo

Hapa nakaa kidogo maana hapa watu wanagombana na kushtakiana wizi bila sababu.

Mteja mmoja alikuja ofisini amevimba. Bili ya ledingi (hati za mzigo) zake na za wenzake zikijumlishwa ni tani 45,000, na mtandaoni meli imeandikwa 32,000. "Hizi 13,000 zimekaa wapi, mgongoni?" Nikamwambia kaa chini kwanza. Ile 32,000 ni GT, na GT siyo uzito hata kidogo, ni ukubwa wa nafasi zote zilizofungwa ndani ya meli, umepitishwa kwenye fomula ya mkataba wa 1969, haina kilo wala tani ndani yake japo jina linafanana. Inatumika kwenye ada za bandari na sheria. Uzito unaoangalia ni DWT.

Na DWT nayo siyo mzigo wako. Ni kila kitu meli inachobeba: mzigo, mafuta, maji ya kunywa, maji ya balasti (ya kuituliza meli), vyakula, mabaharia na masanduku yao. Toa hivyo vyote ndo unapata mzigo.

Chukua aina moja inayokuja sana huku, supramaksi ya DWT kama 57,000. Urefu mita 190, upana 32.26, drafti 12.8, hachi 5, kreni 4. Ule upana wa 32.26 utauona kwenye meli mia, ni kwa sababu ya malango ya zamani ya mfereji wa Panama, ilikuwa lazima upite pale. Ujazo wake wa nafaka ni mita za ujazo kama 71,000. Ngano inakula mita za ujazo 1.3 hivi kwa tani, gawanya, inakuja kama 54,600, yaani hachi zinajaa kabla meli haijafika kwenye alama yake ya mwisho wa kuzama. Klinka ni nzito, hapo kinyume, meli inafika kwenye alama hachi zikiwa na nafasi kibao na ukichungulia utadhani wamekuibia. Wote wawili wako sawa.

Swali linalofuata, kwa nini tovuti moja imesema 57,000 na nyingine 58,500 kwa meli ile ile ya IMO ile ile? Angalia ubavuni mwa meli, kuna alama ya duara lenye mstari na ngazi pembeni yenye herufi. S ni kiangazi, T ni tropiki, na T iko juu ya S kwa sehemu moja ya 48 ya drafti. Kwa drafti ya 12.8 hiyo ni sentimita 26 au 27. Meli ya saizi hii kila sentimita moja inayozama ni tani kama 57. Piga, ni tani 1,500 kasoro au na ushee. Mmoja kaandika DWT ya S mwingine ya T, hakuna mwongo.

Kwa sifa zenyewe usitegemee ramani. Equasis ni bure, unajisajili tu, inakupa GT, DWT, mwaka, mmiliki, meneja, klasi yake (shirika linaloithibitisha ubora) na bandari zilizoikagua zikakuta nini. Ukishajua klasi yake, mfano ClassNK au DNV, wana daftari lao la wazi, vipimo vya pale ndo vya kuaminika zaidi. Na juu ya vyote ni ile karatasi ya sifa inayotoka kwa nahodha mwenyewe.

Imeshashusha siku tatu na drafti ni ile ile

Mkono wa pili tena. Hawabadilishi mpaka wanaondoka, wakikumbuka. Halafu AIS inahesabu kwa sentimita kumi kumi, kwa meli hiyo ya juu kila hatua ni tani 570, kwa hiyo hata ikiwa sahihi huwezi kudai mtu gunia kwa kutumia AIS. Ila kwa kukisia inasaidia: iliingia na 12.8, ikatoka kwenda bandari ya pili ikiandika 10.0, ni sentimita 280 mara 57, kama tani elfu kumi na sita zimeshuka, kasoro mafuta na balasti. Hesabu ya kudai ni ya surveya (mpimaji) anayesoma alama sita, mbele, katikati na nyuma, pande zote mbili, kabla na baada. Nenda ukamwone akiwa kwenye kiboti anasubiri wimbi litulie asome namba, ndo utaelewa kwa nini wanabishana juu ya sentimita mbili.

Imeandikwa ina kreni nne lakini zinazofanya kazi mbili

Kabati la tovuti linajua meli ilivyoundwa, halijui kreni namba 3 ilikufa lini. Nimewahi kukaa siku kadhaa na meli yenye kreni nne kwenye karatasi na moja na nusu kwenye maisha halisi, ile nusu ilikuwa inanyanyua grabu (koleo la kuchotea mzigo) tupu vizuri tu. Ulizia kabla haijafika: kreni zote zinafanya kazi, zinanyanyua tani ngapi, grabu ni za meli au mnakodi. Na kama meli yako inasoma urefu wa mita 225 mpaka 229 na hachi 7, hiyo ni panamaksi au kamsamaksi, kawaida haina kreni kabisa, itategemea vyombo vya bandari, kwa hiyo swali la kreni muulize mwenye gati, na umuulize mapema kabla hujasaini siku za dimareji (fidia ya kuichelewesha meli).